Ameiga jina langu Instagram na anapokea pesa za wateja wangu. Wakili wa alama za biashara atanisaidia nini?

SWALI: Habari wakili. Natengeneza mafuta ya nywele hapa Mwanza, huu ni mwaka wa nne, na wateja wangu wengi wananipata Instagram na WhatsApp. Jina nililisajili BRELA, wakala wa serikali wa usajili wa biashara, na cheti ninacho. Tangu Ramadhani kuna akaunti yenye jina langu, wameongeza herufi moja tu mwishoni. Inatumia picha zangu, inapokea pesa, na watu hawapati mzigo. Matusi yananirudia mimi. Tena mteja wa Dar amenitumia picha ya chupa aliyoiona Kariakoo yenye lebo kama yangu, na mimi sikuitengeneza. Niliripoti Instagram wakajibu hawakuona ukiukaji. Kaka yangu anasema nitafute wakili wa alama za biashara. Atafanya nini ambacho mimi siwezi? Na kwa mtaji huu nitamudu?

JIBU: Pole sana, dada yangu. Jina lako nimelificha kwa makusudi, kwa sababu bado liko wazi, na sitaki mtu alione hapa akawahi kuliombea usajili kabla yako.

Nianze na hicho cheti, maana ndicho kinachoeleza kwa nini Instagram walikujibu vile. Kwa maelezo yako, ulichosajili ni jina la biashara. Usajili huo unaieleza serikali na umma ni nani yuko nyuma ya jina fulani. Haukupi haki ya kumzuia mwingine asilibandike jina hilo kwenye chupa yake. Haki ya kuzuia inatoka kwenye sheria nyingine, Sheria ya Alama za Biashara na Huduma ya mwaka 1986, yenye daftari lake na cheti chake, ingawa anayesimamia vyote viwili ni BRELA huyohuyo. Hata mwenye kampuni yuko katika hali kama yako, kwa kuwa cheti cha kampuni hakigeuki kuwa alama ya biashara. Wengi wanaokuja ofisini kwangu wamekishika cheti hicho wakiamini wamelindwa miaka yote, na inaniuma kila ninapowaeleza, kwa sababu hawakuzembea. Waliambiwa wasajili jina, wakasajili.

Sasa, fomu ya Instagram ya kuripoti ukiukaji wa alama ya biashara inauliza namba ya usajili, nchi uliyosajili na bidhaa zinazohusika. Anayeisoma yuko mbali, hakujui wewe wala mafuta yako, anatafuta namba. Asipoiona anafunga faili.

Lakini kuna mlango ambao hauhitaji usajili wowote, nao ni picha zako. Picha ulizopiga mwenyewe zina hakimiliki tangu ulipobonyeza simu. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 haikutaki uende kuziandikisha kwanza, na Tanzania ni mwanachama wa Mkataba wa Berne, ule wa kimataifa wa hakimiliki, tangu 1994, kwa hiyo haki hiyo inatambulika hata Marekani ziliko kampuni hizi za mitandao. Rudi Instagram, ingia kwenye fomu ya hakimiliki, ambayo ni tofauti na ile uliyojaza. Weka kiungo cha picha yako ya asili yenye tarehe ya zamani, na kiungo cha picha iliyoibwa, moja kwa moja hadi ziishe. Kwa sheria ya Marekani ya 1998 aliyeripotiwa anaruhusiwa kupinga, na akipinga picha inaweza kurudishwa baada ya siku 10 hadi 14 za kazi usipofungua kesi. Ila ili apinge lazima ataje jina na anwani yake, na tapeli hapendi kufanya hivyo. Kama baadhi ya picha zilipigwa na kijana wa studio, au nembo ilichorwa na mtu uliyempata WhatsApp, andikiana naye sasa karatasi ya kukuhamishia haki hizo, asaini. Hakimiliki huanzia kwa aliyeitengeneza kazi, na ubishi wa namna hiyo huibuka biashara ikishakua, wakati wa kuandikiana umepita.

Subiri kidogo kabla hujaripoti chochote, maana akaunti ikifutwa, ushahidi unaondoka nayo. Hili nalisisitiza kuliko mengine yote katika barua hii. Kaa na mtu mmoja unayemwamini, ambaye kesho ataweza kusimama mahakamani, apige picha za skrini za akaunti ile yote: ukurasa wa mbele, kila picha, maoni ya waliotapeliwa, namba ya simu inayotajwa. Anwani kamili ya ukurasa ionekane, tarehe na saa zionekane, picha zisikatwe pembeni. Zibaki kwenye simu ileile iliyozipiga, na nakala zihifadhiwe kwingine, lakini usitegemee zile zilizopita WhatsApp kwa sababu zinabanwa na kupoteza taarifa zake. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015 inaruhusu ushahidi wa namna hii, ila mahakama itauliza ulitengenezwaje, ulihifadhiwaje, na tutajuaje haukuguswa. Wakili mzuri anaandaa kiapo cha aliyezipiga mapema, kumbukumbu ikiwa bado mbichi.

Ushahidi ukishakuwa salama, nenda polisi. Anayejifanya wewe mtandaoni na kupokea pesa za watu anatenda jinai chini ya Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, pamoja na utapeli wa kawaida. Nenda na angalau mteja mmoja aliyetuma pesa, kwa sababu aliyeibiwa ni yeye na ujumbe wa muamala uko kwenye simu yake. Chukueni RB, yaani namba ya taarifa yenu polisi. Laini zetu zimesajiliwa kwa alama za vidole, na polisi wana uwezo wa kuiomba kampuni ya simu taarifa za mwenye namba. Wewe na mimi hatuna uwezo huo. Namba ya simu ya tapeli itumeni pia kwenda 15040 ya TCRA, mamlaka ya mawasiliano. Wateja wako nao watangazie namba moja tu ya malipo, uibandike juu kabisa ya ukurasa wako na kwenye hali yako ya WhatsApp. Hilo halina sheria ndani yake, lakini linaokoa pesa za watu leo hii.

Mpaka hapo hujamlipa wakili hata shilingi. Basi wakili ni wa nini?

Kazi yake kubwa ni ile isiyoonekana, kabla ya ugomvi. Kwanza atatafuta kwenye daftari kama kuna alama iliyotangulia inayofanana na yako, na hatatafuta tahajia yako peke yake. Atatafuta matamshi, mwonekano, hata wazo lililomo, kwa sababu Msajili na mahakama hutazama kama mnunuzi wa kawaida, mwenye haraka na kumbukumbu isiyo kamili, anaweza kuchanganyikiwa. Herufi moja aliyoongeza tapeli wako haimwokoi kwa kipimo hicho. Na kwa kipimo hichohicho, kama kuna mtu aliyekutangulia kusajili jina linalosikika kama lako, wewe ndiye utakayeitwa mwigaji. Ni afadhali ulijue hilo kabla ya kuchapa lebo nyingine.

Kisha kuna kuchagua kundi. Usajili haulindi jina kwa kila kitu duniani, unalilinda kwa bidhaa au huduma ulizotaja, na dunia nzima sasa inazipanga katika makundi 45, kundi la 1 hadi la 34 bidhaa, la 35 hadi la 45 huduma. Chukua neno mafuta tu. Mafuta ya nywele na ya kujipaka yako kundi la 3. Mafuta ya kupikia kundi la 29. Vilainishi vya mashine kundi la 4. Ukidai kwamba mafuta yako yanatibu ugonjwa wa ngozi ya kichwa, umeshaingia kundi la 5 la dawa, na umejiletea maswali mengine ya kisheria ambayo hukuyahitaji. Mtu anaweza kulipa ada, akapata cheti kizuri chenye muhuri, na siku ya vita akakuta kinalinda bidhaa asiyoiuza. Kama una mpango wa saluni, hiyo ni kundi la 44. Duka linalouza bidhaa za wengine ni kundi la 35. Kila kundi lina gharama yake, kwa hiyo usishawishike kusajili matano kwa pamoja. Kwa mtaji wako ningeanza na kundi la 3, na ningesajili neno lenyewe kwa herufi za kawaida kabla ya nembo yenye maua na rangi. Neno likisajiliwa peke yake linakulinda hata ukibadilisha mwandiko wa lebo mwakani.

Atakwambia pia ukweli kuhusu nguvu ya jina lenyewe, na hapa wafanyabiashara wengi hukasirika. Jina linaloieleza bidhaa, kwa mfano Mafuta Asilia au Nywele Ndefu, Msajili analikataa kwa sababu kila mtengenezaji ana haki ya kulitumia. Hata majina yaliyozoeleka kama ya mtu mmoja yanaweza kuleta shida. Nairobi Java House ya Kenya ilipoomba kusajili alama zake Uganda, wenye mikahawa ya Café Javas ya Kampala waliweka pingamizi, na kwa Msajili wakashinda. Mwaka 2016 Mahakama Kuu ya Uganda ikaruhusu Nairobi Java House iendelee na usajili, na mojawapo ya mambo yaliyozingatiwa ni kwamba Java ni neno linalohusishwa na kahawa. Ukijenga biashara ya kahawa juu ya neno la kahawa, tarajia majirani. Jina lako, nashukuru, si la aina hiyo. Nimelitazama, halielezi mafuta wala nywele, na linaweza kusimama.

Ombi likikubaliwa linatangazwa kwenye jarida la Msajili, na kwa siku 60 mtu yeyote anaweza kulipinga. Usipopingwa unapewa cheti cha miaka saba, unahuisha kwa miaka kumi kumi. Usajili unahesabiwa kuanzia siku ulipopeleka ombi, hata kama cheti kimetoka miezi mingi baadaye, ndiyo maana nakuhimiza upeleke ombi wiki hii na si baada ya kumaliza ugomvi. Jarida hilohilo ni silaha yako baadaye. Wakili anayekufuatilia analisoma, na akiona mtu anaomba jina linalofanana na lako anaweka pingamizi ndani ya muda. Ndivyo ombi la kampuni moja ya Uingereza la kumiliki neno Kikoy nchini humo lilivyokwama. Waliowatetea wafumaji na wauzaji wa kikoi wa Kenya walipinga wakati mlango ungali wazi.

Kuhusu mipaka: cheti cha BRELA kinafanya kazi Tanzania Bara. Zanzibar ina sheria yake na ofisi yake ya usajili, BPRA, kwa hiyo kama una mawakala Unguja hilo ni ombi la pili. Kenya ni KIPI, Uganda na Rwanda wana ofisi zao. Ukiwa Mwanza mzigo wako unavuka ziwa bila wewe kujua, na kuna faida moja wachache wanaitumia: ndani ya miezi sita tangu ulipoomba kwetu, unaweza kuomba nchi jirani ukahesabiwa tarehe ileile ya kwetu, kwa Mkataba wa Paris. Miezi sita ikipita, faida hiyo imekwisha.

Nirudi Kariakoo, kwa sababu yule ni mtu wa aina nyingine kabisa. Tapeli wa Instagram hana duka wala anwani, barua ya wakili kwake ni onyo la kumwambia afute ushahidi. Muuza chupa ana meza, ana jirani, ana aliyemuuzia. Kwake barua ina maana. Lakini kwanza nunua. Tuma mtu asiyejulikana anunue chupa mbili, adai risiti, apige picha ya duka, na chupa moja isifunguliwe kabisa. Kisha wakili aandike notisi inayodai mambo matatu: aache kuuza, akabidhi mzigo uliobaki, ataje aliyemuuzia. La tatu ndilo unalolitaka zaidi, maana mara nyingi muuzaji wa rejareja naye aliuziwa kwa nia njema, na chanzo ni mtu mwenye mashine ya lebo asiyekaa dukani. Ukiona mzigo ni mkubwa, unaruka notisi na kwenda moja kwa moja Tume ya Ushindani, FCC, ambayo chini ya Sheria ya Alama za Bidhaa ina mamlaka ya kukagua na kukamata bidhaa bandia. Notisi ikitangulia, mzigo unahamia ghala jingine usiku.

Hapa nikuulize kwa upole: mafuta yako yana kibali cha TBS, shirika la viwango? Tangu 2019 vipodozi viko chini ya TBS. Kama bado hujasajili, shughulikia hilo kabla hujakanyaga FCC, kwa sababu maofisa wakishaweka chupa mbili mezani watazikagua zote mbili. Wajasiriamali wadogo wengi hupitia SIDO, shirika la viwanda vidogo, kupata barua ya utambulisho kwenda TBS, na mlango huo uko wazi kwako. Nimelitaja kwa sababu nakutakia ushinde, na mdai ambaye mambo yake hayako sawa anadhoofisha hata mashahidi wake.

Ikibidi mahakama, kesi za alama za biashara zinasikilizwa na Mahakama Kuu. Wakili anaweza kuomba zuio la haraka, fidia, hesabu ya faida aliyoipata mwigaji, na bidhaa ziharibiwe. Na kabla cheti hakijatoka, hujabaki mikono mitupu kabisa: mtu anayeuza bidhaa yake kana kwamba ni yako anaweza kushtakiwa hata kama alama haijasajiliwa, ukithibitisha kuwa jina lako lina sifa sokoni, kwamba wateja wamepotoshwa, na kwamba umeumia. Miaka yako minne inahesabika. Ila mzigo wa kuthibitisha ni mzito na wa gharama, cheti kingeufanya mwepesi sana. Sikushauri uanze na kesi.

Jambo ambalo hukuniuliza ni anwani ya tovuti. Nunua jina lako la .co.tz na la .com sasa hivi, hata kama huna mpango wa kuwa na tovuti. Akikuwahi mtu kwa nia mbaya, njia ipo: kituo cha usuluhishi cha WIPO, Shirika la Miliki Bunifu Duniani, kilichoko Geneva kinasikiliza migogoro ya .com, na pia ya .tz. Unatakiwa uthibitishe kwamba jina lake linafanana na alama yako, kwamba hana haki halali nalo, na kwamba alilisajili na kulitumia kwa nia mbaya. Shauri la kwanza kabisa la utaratibu huo lilihusu worldwrestlingfederation.com: mtu alilisajili Oktoba 1999, siku tatu baadaye akawaandikia wenye jina akitaka kuwauzia kwa dola 1,000, na Januari 2000 ikaamuliwa wakabidhiwe. Leo ada ya WIPO ya kuanzia, kwa msuluhishi mmoja, ni dola 1,500 kabla ya malipo ya wakili. Linganisha na bei ya kulinunua jina mwenyewe mapema.

Kuna watu ambao wakili hatawazuia, na akikuahidi kuwazuia mwogope. Mteja anayelalamika hadharani kwamba mafuta yako yamemkausha nywele ana haki ya kulitaja jina lako. Dada wa Shinyanga aliyenunua katoni kwako na anaiuza kwa faida yake, chupa zikiwa halisi na hazijafunguliwa, naye ana haki ya kusema anauza bidhaa yako. Ukiwatumia hawa notisi utapoteza heshima na pengine mteja wako mkubwa. Na ombi lako likishatangazwa, jiandae kupokea barua pepe za kitapeli. Wengine watajifanya ofisi ya kimataifa inayokudai ada ya usajili, wengine watakuambia kuna kampuni China inataka kuchukua jina lako uwahi kulipia. Usilipe kitu ambacho wakili wako hajakiona.

Gharama sitakutajia, kwa kuwa zinatofautiana kati ya wakili na wakili, lakini omba bei tatu tofauti, kwa maandishi: ya utafutaji na maoni, ya ombi hadi cheti, na ya kushughulikia Kariakoo. Usikubali bei moja ya jumla. Ada za serikali zinalipwa kwa namba ya kumbukumbu ya malipo, ilipe mwenyewe ubaki na risiti. Hakikisha mwenye alama kwenye fomu ni wewe, au kampuni yako ukiwa nayo, na si wakili, si mume, si kaka aliyekusaidia ada. Jina la wakili lithibitishe kwenye mfumo wa Mahakama wa e-Wakili kama amehuisha leseni yake mwaka huu. Siku ya kwanza nenda na cheti chako cha jina, leseni, risiti na picha za zamani kabisa zenye jina hilo, chupa halisi na chupa ya Kariakoo, na viungo vyote vimeandikwa kwenye karatasi.

Ukipata majibu ya utafutaji niandikie tena. Kama kuna jina linalofanana na lako katika kundi la 3, mpango wote unabadilika, na swali la kwanza litakuwa nani kati yenu alianza kulitumia sokoni na ana karatasi gani ya kuonyesha.